Sekela na Ukurasa Mdogo wa Shabani

Nimerudisha funguo za ofisi, na ninyi vijana niliowaacha kazini mmeniomba niandike kidogo kuhusu ustawi wa jamii hapa Tunduma. Vyeo na mishahara mtavijua wenyewe kwa kuvisubiri, kama tulivyovisubiri sisi. Nitaandika juu ya watoto waliopotea, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyonifuata tangu nilipoanza mpaka nilipoondoka. Na mwishoni kabisa mwa utumishi wangu kijana mmoja fundi simu aliniuliza swali ambalo na ninyi mtaulizwa kila mara: kwani na sisi wadogo tunahusika?

Nilianza Vwawa, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino. Bi. Eliza, afisa niliyekabidhiwa kwake nijifunze, aliniangalia miguuni kabla hajaniangalia usoni.

"Umekuja kazini au harusini, binti?"

"Kazini, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kesho uje na raba. Leo utatembea peku, dawa yake ni hiyo."

Nikatembea peku kweli. Vifaa vyetu vilikuwa baiskeli moja ya kiume, kipaza sauti cha betri kilichokoroma kuliko kusema, na pipi. Pipi alizinunua Bi. Eliza mwenyewe, kwa sababu hakuna fungu la serikali lililowahi kuzitambua. Mtoto aliyepotea hawezi kujibu maswali huku analia, lakini akiwa na kitu mdomoni hulazimika kunyamaza kidogo, na katika ule unyamavu ndipo unamuuliza kwao kuna ng'ombe au hakuna, kuna mlima au hakuna, babu anakohoa au hakohoi. Usimuulize jina la baba. Mtoto wa miaka minne baba yake anaitwa Baba.

Biashara ilipofunguliwa, Tunduma ikavimba haraka. Malori yalipanga foleni kuelekea Zambia, wafanyabiashara wakaja kutoka Kigoma, Dodoma, Pemba na kwingineko, mitumba ikamwagwa chini kila mahali, na katikati ya miguu yote hiyo watoto wakawa wanapotea. Bi. Eliza alihamishiwa huku, nami nikamfuata. Wakati huo mji ulikuwa na desturi yake ambayo wengi wenu mliikuta. Mtoto akiokotwa, anatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti baada ya swala, na Jumapili makanisani kwenye matangazo. Mwislamu au Mkristo, Mnamwanga mwenyeji au mgeni wa jana, mtoto alitangazwa kote. Ni desturi nzuri na ninaiombea idumu.

Lakini Bi. Eliza alikuwa na sharti lake. Tangazo liseme mtoto yupo, lisiseme mtoto ni nani. Sheikh wa msikiti wa sokoni alisoma maneno tuliyompa na hakuongeza hata moja: amepatikana mtoto wa kike, aliyepotelewa aende ofisi ya ustawi wa jamii. Watu walilalamika. Nakumbuka muuza vitenge mmoja alitujia juu.

"Tangazo gani hili? Hata rangi ya gauni hamsemi?"

"Rangi ya gauni atatuambia mama yake," akajibu Bi. Eliza.

Yale tusiyoyatangaza tuliyaita akiba ya mtoto. Nguo, kovu, kilichokutwa mfukoni, wimbo anaoujua. Anayekuja kumdai mtoto ndiye anayetueleza, sisi tunasikiliza tu. Kwa akiba hiyo tuliwarudisha watoto wengi sana, na pia tuliwasindikiza mlangoni watu wachache waliokuja na machozi mengi na maelezo kidogo. Mpakani, mtoto asiye na mtu ana wateja. Wengine wanataka wa kuchunga, wengine wa kuosha vyombo, na wengine wanataka mambo ambayo sitayaandika hapa.

Bi. Eliza alistaafu akarudi kwao Ileje kulima kahawa, nikabaki na kipaza sauti kinachokoroma. Kisha zikaja simu za mkononi, kisha simu zenye kamera, na baada ya muda si mrefu nikagundua kwamba mji una msikiti mwingine usio na sheikh wa kusoma alichopewa bila kuongeza.

Shabani ndiye aliyenifundisha hilo, bila kukusudia. Ni kijana wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Kigoma, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa ameanzisha ukurasa mtandaoni akauita Foleni ya Leo. Kila asubuhi alipiga picha mstari wa malori na kueleza umefika wapi, ili madereva walioko njiani wajue waharakishe au walale Mbeya. Watu wakaupenda. Akaanza kuweka bei ya mahindi, ajali, vitambulisho vilivyookotwa. Alifanya yote peke yake, kati ya simu moja iliyofunguliwa mezani na nyingine inayosubiri kioo. Sijaona kijana mwenye moyo mwema kuliko yule, na mliangalie hilo vizuri, kwa sababu mtu mbaya si wa kumfundisha kanuni. Kanuni tunamfundisha mwema.

Basi siku moja, basi dogo la kutoka Itumba lilishusha abiria wote stendi na kwenye kiti cha nyuma akabaki mtoto wa kike amelala. Kila abiria alidhani ni wa mwenzake. Kondakta alituletea akiwa amembeba begani, anaomba radhi kana kwamba kamwiba. Mtoto alisema anaitwa Sekela, na zaidi ya hapo alizungumza Kindali tupu, lugha ya kwao Ileje, kwa sauti ndogo sana. Alivaa gauni la bluu lenye mkanda mweupe. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu. Na miguuni alivaa ndara mbili zisizofanana, moja nyekundu, moja ya kijani kubwa kidogo. Nilipoziona zile ndara nilifurahi moyoni, kwa sababu akiba nzuri kama ile hupatikana mara chache.

Nilimpeleka kwa Mama Zuhura, Mtaa wa Majengo. Yeye alikuwa mama mlezi wetu wa kujitolea, mwenye nyumba ya vyumba vichache na watoto wa watu wakati wote. Tukatangaza kama kawaida, msikitini na makanisani, na nikatuma ujumbe Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje.

Asubuhi ya pili yake Shabani alipeleka simu ya Mama Zuhura aliyokuwa ameitengeneza, akamkuta Sekela uani. Mama Zuhura kwa furaha yake akamsimulia yote: jina, basi la Itumba, Kindali, kovu. Shabani akapiga picha, mtoto mzima kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara. Kabla ya mchana Foleni ya Leo ikawa imeandika kila kitu, pamoja na kwamba mtoto yuko Majengo kwa Mama Zuhura, nyumba ya geti la kijani nyuma ya mashine ya kukoboa. Watu wakaandika chini yake maombi na mioyo myekundu.

Mimi sikujua. Nilikuwa wa mwisho kujua, kama inavyotokea kwa ofisi za serikali.

Siku iliyofuata akaja mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akatusalimu kwa adabu. Mama Zuhura alikuwa amemleta Sekela ofisini niendelee kuzungumza naye, kwa hiyo wote tulikuwa chumba kimoja. Mgeni alisema ni mjomba wa mtoto, ametumwa na dada yake. Alikuwa na boksi la juisi.

"Alivaa nini, baba?" nikamuuliza.

"Gauni la bluu, lina mkanda mweupe."

"Ana alama yoyote?"

"Kovu hapa juu ya jicho. Alianguka akiwa mdogo."

"Na miguuni?"

Akatabasamu. "Ndara mama, tena huwa anachanganya. Nyekundu na kijani."

Niliona akiba yote imekwisha mbele yangu. Kijana mzuri, majibu mazuri, na Sekela alikwisha kupokea juisi na kumshika mkono. Mtoto aliyepotea siku kadhaa humshika mkono yeyote anayetabasamu. Msidanganyike na hilo.

Hata hivyo kitu kimoja kilinizuia. Mjomba hakuwa amezungumza na mtoto neno lolote la Kindali.

"Tumsubiri mtendaji wa kata yenu atupigie," nikasema. "Ni utaratibu tu."

"Kule mtandao hakuna, mama. Na gari inaondoka."

"Basi tutakaa tusubiri mtandao. Chai ipo."

Akakaa kidogo. Akaangalia saa, akasema ngoja akanunue maji. Hakurudi. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na sitamwita mwizi mtu nisiyemjua. Ninachojua ni kwamba aliacha juisi, na kwamba Mama Zuhura alipofungua simu yake kumpigia mumewe aje kutuchukua, ndipo alipouona ule ukurasa, akanionyesha. Baadaye majirani zake walituambia kwamba mgeni yule aliulizia kwanza kwenye geti la kijani, wakamwelekeza ofisini.

Nilikwenda kibandani kwa Shabani kwa miguu. Nilimweleza yaliyotokea. Alishtuka, lakini alijitetea, na hoja zake mtazisikia tena.

"Mama Ustawi, ukurasa wenyewe mdogo huu, wa watu wa hapa hapa. Hizo kanuni za watoto ni za makampuni. Mimi ni mimi na simu yangu na umeme wa jirani."

"Mtoto naye ni mdogo," nikamwambia. "Nipe kigoda."

Akanipa. Jirani yake alikuwa dada anayekaanga maandazi.

"Huyu dada akikaangia mafuta yaliyooza, bwana afya akija atamwambiaje? Kwamba usafi ni wa mahoteli?"

"Atamfungia."

"Na ana karai moja tu."

"Si watu wanakula, mama."

"Na kwako watu wanasoma."

Dada wa maandazi akadakia kwamba mafuta yake ni ya jana tu na asiingizwe kwenye kesi za watu. Tukacheka wote watatu, na kile kicheko kilisaidia, kwa sababu Shabani aliacha kukunja uso akaniuliza kwa kweli: kama mama yake Sekela angeiona ile picha, je, si ingekuwa heri?

Nikamjibu kwamba ingekuwa heri kubwa. Lakini anayeweka picha hachagui nani aione. Kisha nikamweleza polepole, na ninawaandikia maneno yaleyale mpate kuyatumia. Kampuni kubwa inapokosea, angalau ina watu waliokaa mahali kusoma malalamiko. Ukurasa wa mtu mmoja, mwenyewe akilala, hakuna wa kuondoa kitu mpaka aamke. Ukurasa mkubwa ukisema mtoto yuko Tunduma, msomaji bado hajui aende wapi. Ukurasa mdogo unasema geti la kijani nyuma ya mashine ya kukoboa, na mji mzima unalijua geti. Tena mdogo huaminiwa, kwa sababu watu wanasema Shabani tunamfahamu. Udogo ambao alidhani ni kinga ndio uliomfanya mtu yule afike mpaka mlangoni kwangu na juisi mkononi.

"Na hao wa hapa hapa unaowasema," nikaongeza, "madereva wanausoma kuanzia Dar mpaka Lusaka. Wewe mwenyewe ndiye uliyejisifu."

"Nilifanya kwa moyo, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mimi, si polisi."

Alifuta jina na mtaa. Picha aliiacha, akisema watu wanaiulizia na atafikiria. Nami sikumkaba. Nilirudi nikamhamisha Sekela na Mama Zuhura kwa siku chache kwa dada yake Mama Zuhura, nikatoa taarifa dawati la watoto polisi.

Hatimaye mama mwenyewe akaja. Aliitwa Atupele, mwanamke kijana wa kata ya Ikinga, mwenye vumbi la njia nzima kwenye kitenge. Alieleza kwamba siku ya tukio alikuwa kibarua shamba la mbali. Mtoto alikuwa na bibi yake, na bibi alimpeleka gulioni Itumba. Inaonekana mtoto alipanda basi akifuata mwanamke aliyedhani ni bibi, akalala. Walimtafuta Itumba yote na vijiji vya jirani, mpaka muumini mmoja aliyetoka Tunduma akawaambia kuna tangazo kanisani la mtoto wa kike.

"Alivaa nini, mwanangu?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Gauni la njano, nadhani. Bibi ndiye aliyemvisha."

"Viatu?"

"Hana viatu, mama. Labda bibi kamwazima ndara."

Kovu alilitaja, lakini kovu lilikuwa kwenye picha, hata kuku wa stendi walilijua. Tulipomleta Sekela, mtoto alimtazama mama yake, akageuka, akaficha uso kwenye kanga ya Mama Zuhura. Wenzangu, hili nalo mlijue: mtoto aliyepotea mara nyingi humnunia mama yake. Kwa akili yake, mama ndiye aliyempoteza.

Basi mnaona nilipofikishwa. Mgeni alijibu yote na mtoto akamshika mkono. Mama alikosea nguo na mtoto akamnunia. Katika miaka ya nyuma ningemuuliza jambo moja lililofichwa, tungemaliza kabla ya mchana. Sasa sikuwa na kilichofichwa. Moyo wangu uliniambia huyu ndiye, lakini mtoto hakabidhiwi kwa moyo wa afisa. Nikamwambia Atupele kwamba ni lazima tumpate mtendaji wa Ikinga, na mtendaji alikuwa kwenye mkutano bondeni ambako simu haishiki.

Hakubisha. Alikaa kwenye benchi la nje, akaweka kifurushi chake cha mihogo mapajani, akaangalia mlango wa chumba alimokuwa mwanawe. Alisubiri siku ile, na usiku akalala kwa mke wa mlinzi wetu, na alfajiri alikuwa tena kwenye benchi. Katika utumishi wangu nimeona vilio vingi, lakini kimya cha mama yule kilinichosha kuliko vyote.

Nilimtuma mtu amwite Shabani. Sikumwambia kitu. Nilimwomba tu ampelekee dada wa kwenye benchi chai na chapati. Akaenda, akampa, akaketi pembeni kwa adabu. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia.

"Umepotelewa na nini, dada?"

"Sijapotelewa. Mtoto wangu yumo humo ndani. Wanasema mtu mwingine alimjua vizuri kuliko mimi."

Shabani akageuka kumtazama.

"Ni mimi, dada. Ndiye niliyemweka kwenye simu."

Atupele akamtazama bila hasira. "Ulimwonyesha kila mtu?"

"Nilitaka umwone wewe."

"Mimi sina simu, kaka," akasema, akamkatia kipande cha chapati ile ile aliyoletewa.

Shabani alikipokea lakini hakukila. Alitoa simu palepale akaifuta picha. Kisha akaanza kutafuta makundi mengine yaliyokwisha kuinakili, akimwandikia mmoja mmoja mwenye kundi, aiondoe. Wengine waliondoa. Wengine walimjibu asiwapangie, kwani na wao wadogo tu. Nilimwona anasoma jibu hilo mara mbili.

Mtendaji alipatikana adhuhuri. Alimjua Atupele tangu akiwa binti, alimjua bibi, na bibi mwenyewe aliwekwa kwenye simu, akasema kwa Kindali mambo ambayo Mama Zuhura hakuyaelewa ila Sekela aliyaelewa, maana aliichukua simu kwa mikono miwili akaanza kumshtaki mama yake kwa bibi, kwa sauti kubwa, yote tangu mwanzo. Atupele akacheka huku analia. Mtoto alipomaliza kushtaki akarudisha simu, akaenda akapanda mapajani kwa mshtakiwa.

Shabani alitusindikiza stendi. Kabla hatujafika aliniambia wasomaji wake wanamsumbua wanataka picha ya mama na mwana wakikumbatiana. Nikamuuliza, na yule mwenye juisi akiiona, atajifunza nini? Akahesabu mwenyewe: sura ya mama, basi la kwenda wapi, kata gani. Akaandika mstari mmoja tu: mtoto amerudi kwao salama, mwenye picha yake aifute. Watu walimtukana, wakasema ameua habari. Tangu siku ile akiletewa mtoto au picha ya mtoto, alikuja kwanza ofisini, na Foleni ya Leo iliandika maneno yaleyale anayosoma sheikh, bila kuongeza hata moja. Alimpa na shemeji yake nywila ya ukurasa ili kuwe na wa kuondoa kitu yeye akilala. Sikumwagiza hilo la shemeji. Alilifikiria mwenyewe.

Lakini siku ile, kwenye mlango wa basi la Itumba, Sekela alimwona Shabani, akakumbuka kwamba huyu ndiye mtu wa picha. Akashuka ngazi, akasimama wima mbele yake, mkono kiunoni, kidevu juu, akangoja. Atupele akaangalia pembeni. Shabani aliiweka simu mfuko wa nyuma. Akachuchumaa mpaka wakalingana, akatengeneza kidirisha kwa vidole vyake vinne, akachungulia ndani yake kwa jicho moja, akalia kwa ulimi kama kamera.

Sekela akaridhika. Akapanda basi.